NYIMBO ZA MATUSI KATIKA MPIRA: KLABU ZISINAWE MIKONO



Sisi tunaoandika haya ni watu wa gengi, watengenezaji wa njia ya reli hapa Eldoret. Hatuandiki kwa sababu ya kuuchukia mpira. Twaupenda sana, na wengine wetu huusema zaidi ya mshahara. Twaandika kwa sababu ya jambo lililotupata kazini, nasi twaona ya kwamba likiachwa hivi hivi litarudi, na safari nyingine huenda likaua mtu.

Jumapili moja baadhi yetu walikwenda kutazama mpira. Wengine walivaa rangi za timu hii, wengine za timu ile. Majina ya timu hizo hatuyataji, maana twajua kuwa si hizo peke yake. Wakati wa kurudi wote walipanda matatu moja, na humo ndani wimbo ukaanza. Haukuwa wimbo wa kumsifu kipa wala mfungaji. Ulikuwa wimbo wa kulitukana kabila la watu, na desturi za kwao, na mambo ya mwili yasiyosemwa mbele ya mama mzazi. Maneno yenyewe hatuyaandiki. Waliotukanwa nao wakajibu kwa wimbo wao, mchafu vile vile.

Jumatatu asubuhi tulikuwa na kazi ya kubadili reli. Kila mtu wa gengi anajua ya kuwa reli ya ratili 80 kwa yadi, yenye urefu wa futi 40, ina uzito wa karibu kilo 480. Haiinuliwi kwa nguvu peke yake. Huinuliwa kwa wimbo: mmoja anaanza, wote wanaitikia, na kwa neno la mwisho mikono yote inainua pamoja, kisha inaweka chini pamoja. Siku ile mwenye kuanzisha alianzisha kama kawaida, lakini nusu ya watu hawakuitikia, kwa kuwa ndiye yeye aliyeuanzisha ule wimbo wa ndani ya matatu. Wakainua kimya, kila mtu kwa wakati wake. Reli ikateleza, ikamwangukia mwenzetu mguuni, ikamvunja vidole viwili. Na mwenzetu huyo hakwenda mpirani hata kidogo. Jumapili yote alikuwa kanisani.

Basi tukauliza: Ni nani aliyemvunja vidole? Aliyeimba? Waliokataa kuitikia? Ama wale wakubwa wa klabu ambao kwa miaka mingi wamesikia nyimbo hizi wakiwa wameketi kwenye viti vya kivuli, wasiseme neno?

Na tukumbuke tunakaa wapi. Mji huu wazee waliuita Sitini na Nne, na reli ilifika hapa mwaka 1924. Tangu hapo watu wa kila kabila wamekuja kutafuta kazi, wakajenga, wakaoa na kuolewa. Lakini tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu huu, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi yetu katika ghasia zile za uchaguzi. Moto ule haukuanza kwa kiberiti. Ulianza kwa maneno: hawa ni wageni, hawa si watu kama sisi. Sisi tuliosoma shule ya misheni tulifundishwa Waraka wa Yakobo, mahali anaponena habari za ulimi na moto. Wakati ule tuliona ni somo la kukariri tu. Baada ya mwaka 2008 mtu wa Eldoret hahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa tuangalie klabu zetu zilitoka wapi, ili tusizihukumu bila haki. Abaluhya ilianza mwaka 1964. Gor Mahia ilianza mwaka 1968, kwa kuunganishwa Luo Union na Luo Stars. Waliozianzisha hawakuwa watu wabaya. Mtu aliyetoka kwao akaja mjini alihitaji mtu wa kumsemesha kwa lugha yake, na wa kumsafirisha nyumbani akifa. Vyama vya kabila vilifanya kazi hiyo, na mpira ulikuwa furaha ya Jumapili. Mwaka 1980 Serikali ilivunja vyama vya kabila, na klabu zikaambiwa ziache majina ya kabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Lakini msomaji atazame: Abaluhya Football Club kwa kifupi ni AFC. Jina likaondoka, herufi zikabaki. Kadhalika nyimbo. Kubadili ubao wa jina la stesheni si kubadili njia ya gari la moshi.

Hatusemi ya kwamba watu wasiimbe kwa lugha zao. La, hasha! Ngoma ya isukuti ikipigwa upande wa Leopards, hata mtu wa Gor hutikisa bega kwa siri. Na Gor wakiimba Kijaluo uwanja mzima, asiyejua neno moja naye husimama nywele. Mwaka 1987 Gor Mahia walipochukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, 2–2 kule na 1–1 hapa Nairobi, nchi nzima ilishangilia. Na Leopards walipochukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984, lilikuwa kombe la Kenya. Lugha ya mama si kosa. Kosa ni kuitumia lugha hiyo, ama Kiswahili, ama lugha yo yote, kumwambia mwenzako kuwa kuzaliwa kwake ni aibu.

Sasa tujibu wanaotupinga.

Wa kwanza wanasema: Huu ni utani tu, sisi ni mashemeji. Kweli mchezo wa Gor na Leopards huitwa mchezo wa mashemeji, maana makabila haya mawili yameoana. Lakini twauliza: ni shemeji gani anayesimama mlangoni pa wakwe na kutaja uchi wao? Utani una mipaka, na kila mzee anaijua. Watazameni wenzetu wa Dar es Salaam. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Hawapatani kabisa siku ya mchezo; huchekana mitaani na kazini hata juma zima. Lakini anayechekwa anachekwa kwa kufungwa, si kwa kabila. Mtu akifungwa leo atafunga kesho, na kicheko kitageuka. Bali aliyechekwa kwa kabila lake atafanya nini ili kicheko kigeuke? Azaliwe mara ya pili?

Tena wanachama wasikilize sana nyimbo hizo. Utasikia kabila fulani likichekwa kuwa ni wapishi na walinzi wa usiku, na jingine kuwa ni watu wa kunuka samaki. Upishi ni kazi! Ulinzi ni kazi! Uvuvi ni kazi! Mfanya kazi akiimba hivyo anaitukana kazi ya mikono, naye mwenyewe anakula kwa mikono. Anamwimbia bwana mkubwa wimbo ambao bwana mkubwa asingethubutu kuuimba mwenyewe.

Wa pili wanasema: Klabu haiwezi kuziba midomo ya watu elfu ishirini. Hapo twajibu kama watu wa reli. Gari la mizigo likikatika mabehewa njiani, gadi hawezi kusema, "Mabehewa ni mengi, sikuweza kuyaangalia yote." Akichukua gari, amechukua na mabehewa yake. Klabu inapotafuta kampuni ya kuisaidia kwa fedha, haisemi kuwa mashabiki si wake, inasema, "Tuna mashabiki nchi nzima." Inapouza jezi na tiketi, ni wake. Wakati wa kuchagua viongozi, wenye vyeo huzunguka matawini wakiwaita ndugu na jamaa. Lakini wimbo mbaya ukiimbwa, ghafula wamekuwa wahuni wasiojulikana, waliotoka tusikojua. Anayewahesabu siku ya mapato, na awahesabu siku ya matusi.

Wa tatu wanasema: Hiyo ni kazi ya polisi. Sheria ipo, ni kweli. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaweza kumtoza mwenye maneno ya chuki ya kikabila faini hata ya shilingi milioni moja, ama kifungo hata cha miaka mitatu, ama vyote viwili. Na Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kuwa uhuru wa kusema haufiki kwenye maneno ya chuki. Lakini askari mmoja atamkamata nani katika watu elfu wanaoimba kwa sauti moja? Uskoti wamelijaribu jambo hili. Kule Glasgow kuna Celtic, klabu iliyoanzishwa na Wakatoliki waliotoka Ireland, na Rangers, klabu ya upande wa Waprotestanti. Wamekuwa wakiimbiana nyimbo za dini na za damu kwa vizazi. Bunge lao lilitunga sheria ya pekee, ya mwaka 2012, ya kuwashtaki waimbaji, na mwaka 2018 likaifuta, kwa kuwa wengi waliona haikuwa sheria nzuri. Lakini mwaka 2019 wakubwa wa mpira wa Ulaya, UEFA, walifanya jambo jingine. Mashabiki wa Rangers walipoimba nyimbo za namna hiyo, hawakuadhibiwa mmoja mmoja. Klabu iliamriwa kufunga sehemu ya uwanja wake wa Ibrox. Viti vitupu vilionekana na kila mtu, na hasara ilikuwa ya klabu.

Twakubali kwamba adhabu ya namna hii huwapata na wasiokosa. Mama anayeuza njugu karanga mlangoni hakuimba. Kwa hiyo hatutaki uwanja wote ufungwe mara moja. Twataka adhabu iende hatua kwa hatua, na ya kwanza iwe juu ya klabu yenyewe.

Klabu zifanye hivi. Kwanza, mwenyekiti wa klabu aseme mbele ya watu wake, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, nyimbo gani hazitaki. Asiseme "tudumishe nidhamu" tu. Maneno hayo hayamgusi mtu. Pili, wenye ngoma na waanzilishi wa nyimbo wanajulikana. Klabu iwaandikishe, iwape nafasi yao na heshima yao, na anayeanzisha matusi anyang'anywe ngoma. Tatu, wimbo wa kabila ukianza, nahodha aende kwa mashabiki wake awanyamazishe. Wasiponyamaza, refa asimamishe mchezo. Nne, wakirudia, sehemu yao ifungwe, na baada ya hapo klabu ikatwe pointi. Pointi ndizo zinazoumiza. Faini italipwa na tajiri fulani, lakini pointi hailipwi na mtu.

Umati wa watu ni kitu kizito kama reli. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu 7 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Nyayo, siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Hatusemi kuwa nyimbo ndizo zilizowaua. Waliuawa na msongamano. Twasema kwamba watu wengi waliojazana mahali pamoja wanahitaji mtu wa kuwatunza, na kama mwenye klabu hayuko tayari kuwatunza, basi asiwakusanye.

Na sisi je, chama chetu? Tusinyooshe kidole kwa klabu tukakisahau chetu. Waimbaji wale ni wanachama wetu. Ndio sisi. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi kama 15,000 waligoma Mombasa, wa reli na wa bandari na wengine, wa kila kabila. Kama wangalikuwa wakiimbiana matusi Jumapili, Jumatatu wasingaliweza kugoma pamoja. Na mwaka 1961 Tom Mboya, Mjaluo na kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alichaguliwa Nairobi kwa kura nyingi za Wakikuyu, dhidi ya Mkikuyu. Hao ndio wazee wetu katika kazi hii. Hapa Eldoret penyewe palikuwa na timu za Rivatex na Eldoret KCC, zilizobeba majina ya kiwanda cha nguo na cha maziwa. Mtu alishangilia mahali anapofanya kazi, si mahali babu yake alipozaliwa.

Kwa hiyo twaomba mkutano ujao wa tawi upitishe mambo mawili. La kwanza, barua iandikwe kwa klabu zote zenye mashabiki kati yetu, kuwauliza wamefanya nini juu ya nyimbo hizi, na majibu yao yachapwe katika gazeti hili. La pili, mwanachama anayeimba matusi ya kabila akiwa kazini, ama ndani ya gari la kwenda na kurudi, aitwe mbele ya kamati kama anayevunja umoja wa chama, hata kama ni mwenye cheo.

Mwenzetu aliyevunjika vidole amerudi kazini, lakini anachechemea. Yule aliyeanzisha wimbo alikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, na wale waliokataa kuitikia walikwenda naye. Siku hizi gengi linaitikia tena. Lakini klabu ambazo nyimbo zao zilituleta hapo hazijamwomba mtu radhi.

Sisi wenzenu,
Watu wa gengi la njia, Eldoret.