Namba Isiyo na Jina

Huko Nundu, kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kila mtoto anaijua bidoni ya mawese ya lita 20. Lakini mwalimu akiuliza, «Mtumbwi umepakia bidoni 50 zilizojaa, mzigo wa mawese ni kilo ngapi?», wako wanaoandika upesi: 1 000. Hawaandiki neno lingine. Kalamu iko chini, mtoto anatazama dirishani.

Elfu moja ya nini? Ya lita, ndiyo. Lakini swali ni la kilo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mawese ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu yake chunguni. Lita moja ya mawese ni kilo 0,9 hivi. Basi mwanafunzi mwangalifu huandika:

Bidoni 50 × lita 20 = lita 1 000
Lita 1 000 × kilo 0,9 kwa kila lita = kilo 900 hivi

Ni mistari miwili tu. Hata akikosea, mwenzake ataweka kidole mahali penyewe pa kosa. Yule wa kwanza hasaidiki, kwani hakuna anayejua alipotea njia wapi.

Wengine husema kwamba huo ni usumbufu wa shule. Sivyo. Tarehe 23 Julai 1983, huko Kanada, ndege Boeing 767 ya Air Canada ilitoka Montréal kwenda Edmonton, ikipitia Ottawa, na watu 69 ndani yake. Vyombo vya kuonyesha mafuta vilikuwa vimeharibika. Kwa hiyo matangi yalipimwa kwa kijiti, zikaonekana lita 7 682. Safari ilihitaji kilo 22 300. Wakazidisha 7 682 kwa 1,77, wakapata 13 597. Wakadhani hizo ni kilo, na kwamba zimepungua 8 703 tu. Wakaongeza lita zisizofika 5 000, wakaridhika.

Kuzidisha kwao na kutoa kwao kulikuwa sawa. Mwanafunzi anaweza kujaribu mwenyewe. Ila 1,77 ilikuwa uzito wa lita moja kwa ratili, kipimo cha Kiingereza kisichofika nusu kilo. Kwa kilo, lita moja ya mafuta yale ni 0,8 hivi. Ndege hiyo mpya ilitumia kilo, na watu walikuwa wamezoea ratili. Namba ilipita kutoka mkono hadi mkono bila jina la kipimo chake. Huko Ottawa matangi yalipimwa tena, hesabu ikafanywa tena, kwa 1,77 ile ile! Hata wangeirudia mara mia, kosa lingebaki pale pale. Kweli ni kwamba ilihitajiwa kuongeza lita 20 000 na zaidi.

Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani alikuwa hodari sana. Aliishusha ndege bila injini huko Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi, na hakufa mtu.

Kwa hiyo mwalimu anayetoa alama zote kwa namba tupu, hata ikiwa sahihi, anamdhulumu mtoto. Afadhali alama nyingi zimwendee yule aliyeonyesha njia yote akakosea kuzidisha mwishoni. Kosa lake linarekebishwa kwa dakika moja.

Ni kweli, daftari ni ghali, na wazazi wengi hulinunua kwa shida. Lakini lita huandikwa l, na kilo huandikwa kg. Hizo ni herufi tatu. Na mwenye mtumbwi akiletewa mistari ile miwili, ataweza kuihakikisha mwenyewe pale ufukweni, kabla bidoni ya kwanza haijapakiwa.