Daktari Akisomea Ubingwa Karibu na Kwao, Kuna Ubaya Gani?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kuitumia katika insha bila kuifikiria sana. Mimi niliifikiria kwa dhati likizo ya Desemba iliyopita, wakati wazee wa kwetu walipokaa kitako kumwamulia dada yangu mahali pa kusomea udaktari bingwa.

Dada ndiye kifungua mimba kwetu. Siku hiyo alikuwa na barua mbili mkononi, moja ya Chuo Kikuu cha Nairobi na nyingine ya Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Zote mbili zilikuwa zimemkubali kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Kwetu ni viungani mwa mji wa Kitale. Kutoka hapa hadi Eldoret ni kilomita 70 hivi. Hadi Nairobi ni kama 380. Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi papa hapa, na mtoto wao wakati huo alikuwa na miaka mitatu.

Kabla sijatoa hoja yangu, hebu niwaeleze wenzangu mnaoota kuwa madaktari jinsi ngazi hiyo inavyopandwa. Ukipita mtihani wa kidato cha nne kwa alama nzuri, unasoma udaktari chuoni kwa miaka 6 hivi. Kisha unatumikia mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, ukizungushwa katika wadi za watu wazima, za upasuaji, za watoto na za uzazi. Ndipo unaposajiliwa na kuruhusiwa kutibu peke yako. Ukitaka kuwa bingwa, unarudi tena chuoni kwa miaka mingine 3 hadi 5 hivi, kutegemea tawi ulilochagua.

Sasa tazameni ni nani huchagua. Shule za upili tulipangiwa na wizara. Chuo kikuu unajaza mapendekezo yako, lakini serikali ndiyo inayokupanga. Uanagenzi nao, Wizara ya Afya ndiyo inayosema uende wapi. Dada alipelekwa Pwani, mahali ambapo hakumjua hata paka. Kwa hiyo aghalabu ubingwa ndio mara ya kwanza daktari wetu kuulizwa, "Wewe mwenyewe unataka wapi?" Jamani, mtu akiulizwa swali hili baada ya miaka yote hiyo, mbona ionekane ni aibu akijibu, "Karibu na kwetu"?

Mjomba ndiye aliyefungua mjadala. Alisema, "Wewe umepata Nairobi, halafu unataka kurudi huku? Kurudi kufanya nini, kunyonya?" Watu walicheka. Dada hakucheka. Mjomba akaendelea kusema kwamba Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilianza mwaka wa 1901, kwamba hakuna ugonjwa usiofika pale, na kwamba anayefunzwa pale hujuana na wakubwa watakaomfaa kesho. Hizo si hoja za kupuuzwa, na mimi sizipuuzi.

Hata hivyo, nina yangu. Kwanza, Eldoret si kichaka. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ilianza mwaka wa 1917 ikiwa hospitali ndogo tu, na leo ndiyo tegemeo la magharibi yote ya nchi. Ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani umedumu tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka wa 2015 ilifunguliwa hapo hospitali maalumu ya watoto. Mtoto mahututi wa Turkana, wa Pokot Magharibi au wa Bungoma hukimbizwa huko. Anayetaka kujifunza kutibu watoto hawezi kulia kwamba wagonjwa ni wachache.

Pili, tusidhani kwamba anayesomea ubingwa anaishi kama mwanafunzi wa bweni, akilia kengele anaenda kulala. Huyu ni mfanyakazi na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Mchana yuko wadini, usiku anashika zamu, asubuhi anasimama mbele ya mwalimu wake kueleza kila mgonjwa aliyelazwa, na jioni vitabu vinamngoja. Wapo wanaojilipia karo na kufanya kazi hiyo bila mshahara. Sasa mtu kama huyo, mtoto wake akipandwa na joto saa nane usiku naye yuko zamu, nani atamshika? Nairobi angelazimika kuajiri yaya asiyemjua na kulipa nyumba ya pili, huku shemeji akibaki Kitale na nyumba yake tupu. Mkono mmoja haulei mwana.

Tatu, kazi hii ina misukosuko yake. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Sitaki kuingia katika ubishi wa nani alikosea. Ninachojua ni kwamba katika siku hizo unga na maziwa ya nyumba ya dada vilitoka shambani kwa baba, na hakuna aliyeandika deni. Je, mwenye nyumba wa Nairobi angekubali kulipwa kwa mahindi?

Hata Marekani, nchi tunayopenda kuiiga, jambo hili halifichwi. Huko, tangu mwaka wa 1952, wahitimu wa udaktari huorodhesha hospitali wanazozitaka, nazo hospitali huorodhesha wahitimu, kisha orodha hizo hulinganishwa kwa utaratibu mmoja wa nchi nzima na majibu hutolewa mwezi wa Machi. Tangu miaka ya 1980, madaktari wawili walio wachumba au mume na mke huruhusiwa kuunganisha orodha zao ili wasitupwe huyu mashariki na yule magharibi. Kama wakubwa hao wametambua kwamba daktari ni mtu mwenye watu wake, sisi tunaona haya gani?

Ndugu msomaji, pengine hadi hapa unafikiri kwamba nimeshinda. La. Hayo tisa, kumi ni lile nililolijua mimi na ambalo mjomba hakulitaja. Nalo linanihusu mimi mwenyewe.

Kabla ya kupata barua hizo, dada alikuwa daktari katika hospitali moja isiyo mbali na kwetu. Likizo ya Agosti niliumwa na tumbo. Badala ya kupanga foleni kama watu wengine, nilimpigia simu. Akatoka, akanishika mkono, akanipitisha mbele ya watu wote. Pale kwenye benchi palikuwa na mama mmoja aliyempakata mtoto aliyekuwa akihema kwa homa. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa amefika kabla ya jua kuchomoza. Alinitazama tu, hakusema neno. Tumbo langu lilikuwa gesi. Nilipewa dawa nikaenda nyumbani kutazama runinga.

Jioni hiyo dada alichelewa kurudi kwa sababu aliikamilisha foleni yote. Alimkuta mtoto wake amelala. Alikaa kando ya kitanda bila hata kuvua viatu, na mimi sikuweza kumwangalia usoni.

Jumamosi iliyofuata aliniachia simu yake aoge. Nikaanza kuhesabu. Kutoka asubuhi hadi chakula cha mchana ziliingia simu 11 za jamaa. Shangazi alitaka kujua kama dawa zake za presha zinaweza kumezwa pamoja na za mgongo. Binamu alitaka karatasi ya ruhusa ya kukosa kazi. Mtu mmoja ambaye hata simjui alisema yeye ni wa ukoo na ana mgonjwa anayehitaji kitanda. Hapo nikaelewa kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tuliosema tunamtaka karibu kwa mapenzi ndio tuliokuwa tukimla kidogo kidogo.

Basi siku ile ya kikao, mjomba alipomaliza, nilinyoosha mkono. Si kawaida msichana wa kidato cha tatu kuzungumza mbele ya wazee, na sauti ilinitetemeka. Nilisimulia habari ya foleni, ya yule mama, na ya simu 11. Nikasema, "Mimi nataka dada asomee Eldoret. Lakini tukimtaka karibu ili awe daktari wetu sisi, heri aende Nairobi, tena azime na simu."

Kukawa kimya. Nilidhani nitafukuzwa. Kumbe baba alitikisa kichwa akasema, "Haya, leta kalamu." Tukaandika masharti nyuma ya kalenda kuukuu. Moja, hakuna wa kwetu atakayepitishwa mbele ya foleni kwa sababu ya dada. Mbili, anayeumwa aende zahanati kwanza, na dada apigiwe simu ikiwa ni hatari ya kweli. Tatu, siku za zamu mtoto atalala kwa nyanya yake bila malalamiko. Nne, mpaka amalize masomo, jina lake lisiandikwe katika michango ya harusi wala ya mazishi. La nne ndilo lililobishaniwa zaidi, na mjomba hakulikubali mpaka leo.

Dada alichagua Eldoret. Sasa ana miezi kadhaa huko. Sitawadanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Hufika nyumbani Jumapili mbili kwa mwezi akibahatika, na aghalabu analala kwenye kochi kabla chai haijamiminwa. Sharti la pili limewahi kuvunjwa, tena na mama mwenyewe, aliyempigia simu usiku kwa ajili ya kikohozi cha jirani. Lakini mtoto anamjua mamake, na Jumapili hizo mbili hamwachi hata aende kunawa mikono. Kwangu mimi hilo lina uzito.

Sisemi kwamba kila daktari arudi kwao. Yapo matawi ya ubingwa yasiyofundishwa karibu na kila kijiji, na mwenye wito huo sharti afunge safari. Wapo pia wale ambao nyumbani ndiko kwenye vurugu, na umbali ndio pumzi yao. Vilevile tusidhani kwamba njia ni za mijini tu. Madaktari wa upasuaji wanafunzwa hata katika hospitali za Kijabe na Tenwek huko Bomet, na wanahitimu. Ninachosema ni hiki: ukaribu na jamaa ni sababu halali ya kuchagua, sawa na sifa ya chuo, na anayeutaja asichekwe. Ila ukaribu wenyewe upimwe. Ukiwa wa kumsaidia anayesoma, ni baraka. Ukiwa wa jamaa kujipatia daktari wa bure, huo ni utumwa uliovishwa nguo ya upendo.

Kwa wazazi watakaolisoma jarida hili, nawaomba kabla hamjamwambia mwana wenu "rudi nyumbani", mkae na kuulizana mtampa nini akirudi, si atawapa nini. Na kwenu wanafunzi wenzangu mnaokesha na vitabu vya biolojia na kemia, siku moja huenda mkashika barua mbili kama dada. Msione haya kuchagua ile ya karibu. Lakini mkishachagua, msiwe na haya vilevile ya kuwaambia wa kwenu, "Mimi ni wenu, ila foleni ni ya wote."

Yule mama wa kwenye benchi sijamwona tena. Nikimwona, nitamwomba msamaha, na nitamuuliza hali ya mtoto.