Mvinyo mkavu wa Italia njia ya Kobero: soko la Gitega lina ukubwa gani?

Chupa ya Soave ikifika Gitega, huwa imekwisha kupita Dodoma. Meli huishusha Dar es Salaam, lori likapanda Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Isaka na Lusahunga hadi Kabanga, kisha likaingia Burundi kwa mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga. Ni zaidi ya kilomita 1,200 za barabara, na katikati yake kuna mashamba ya zabibu ambayo nayo yanatoa mvinyo mweupe mkavu. Mfanyabiashara anayefikiria kuleta kinywaji cha Italia aanzie hesabu yake hapo.

Soave ni mji mdogo mashariki ya Verona, na mvinyo umechukua jina lake. Zabibu kuu ni Garganega, ambayo kwa kanuni haitakiwi kupungua asilimia 70. Mvinyo kuitwa mkavu si kwamba ni mkali. Maana yake sukari ya zabibu karibu yote imekwisha kugeuka kilevi. Kwa kanuni za Ulaya kiwango cha kawaida ni gramu 4 za sukari kwa lita, na huruhusiwa kufika 9 pale uchachu unapokuwa mwingi. Aliyezoea soda hukunja uso akionja mara ya kwanza. Anayekula samaki wa Tanganyika wenye ndimu huelewa haraka zaidi.

Mwagizaji asome lebo kabla ya kulipa. "Secco" ni mkavu, "amabile" una utamu kiasi, "dolce" ni mtamu. Recioto di Soave hutoka eneo lilelile lakini ni mtamu, kwa kuwa zabibu zake hukaushwa kwanza. Anayeagiza kwa jina la Soave tu, bila kutaja aina, anaweza kujikuta na shehena ambayo mteja wake hakuitaka.

Wateja ni akina nani? Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, lakini balozi na mashirika mengi yamebaki Bujumbura. Kinywaji cha mji kinajulikana: Primus na Amstel za Brarudi, yenye kiwanda hapohapo Gitega, pamoja na urwarwa wa ndizi. Zipo hoteli na mikutano. Lipo pia Kanisa Katoliki, kwani Gitega ni makao ya jimbo kuu na Muyinga ina jimbo lake tangu 1968. Mapadri wengi hupenda divai nyeupe kwa kuwa haiachi doa kwenye vitambaa vya altare. Hata hivyo sheria ya Kanisa inataka tu divai halisi ya zabibu isiyoharibika, haisemi itoke Verona. Parokia haina sababu ya kulipia jina.

Ugumu zaidi uko kwenye fedha. Burundi ilishusha thamani ya faranga mwezi Mei 2023, lakini mwaka 2025 dola ya soko la pembeni ilikuwa bado inazidi mara mbili bei ya benki. Katika nchi inayohangaika kupata fedha za kigeni za mafuta, ni vigumu mvinyo kutangulia kwenye foleni ya benki. Anayenunua dola pembeni amekwisha kupandisha bei kabla hata kontena halijapakiwa.

Ushuru unafuata. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha juu cha asilimia 35, na vinywaji vimo katika orodha yake. Chupa yenye thamani ya dola 4 mpakani, ikitozwa kiwango hicho, inakuwa dola 5.40, ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakaribia 6.40, kabla ya kodi nyingine za vileo, usafiri wa ndani na faida. Mvinyo wa Dodoma wenye cheti cha uasili hauna ushuru huo wa forodha, unabaki na kodi za ndani tu. Zabibu za Dodoma zenyewe zililetwa na wamisionari Waitaliano, na Chenin Blanc hupandwa huko. Ladha si ileile, lakini bei itazungumza.

Kwa wasafirishaji, mzigo huu hautaki jua. Kontena likisimama siku tatu Kabanga likisubiri hati, joto la ndani linapanda, vizibo vinasukumwa na mvinyo unachoka. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, Kobero imezidi kutegemewa, kwa hiyo hati ziwe tayari kabla lori halijaondoka Dar es Salaam, na turubai jeupe si anasa.

Mwaka wa mavuno nao utazamwe. Soave ya kawaida hunywewa ingali changa, ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Katoni za bei ya kutupa zinazouzwa Dar es Salaam mara nyingi ni za mavuno ya zamani, na kufika Gitega zitakuwa zimezeeka zaidi.