Mars haina mwenyewe?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu, leo hatuongee bei ya kobalti. Tunaongea Mars, ile nyota nyekundu yenye wakubwa fulani wa Marekani wanataka kugeuza ikuwe sawa dunia yetu: waipatie hewa, joto na mayi, kiisha watu waende kuikaa. Mwaka 2015 Elon Musk alisema kwa televizio kama njia ya upesi ya kuipasha moto ni kutupa mabomu ya nikleari juu ya ncha zake. Sisi watoto wa Katanga tukisikia bomu ya namna ile tunakumbuka Shinkolobwe.

Haiko kazi ya kesho. Mwaka 2018 wenye elimu wawili, Jakosky na Edwards, walihesabu gesi yenye iko kule, wakaona haitoshe kuipasha moto kwa ufundi wa leo. Basi juu ya nini tuongee sasa? Juu mashine ikifika ya kwanza, haki inakuja nyuma, tena kwa miguu. Tuliona.

Neno lenye linatuuma ni "tupu". Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya Léopold II iliamuru kama udongo wenye hauna watu ni wake. Udongo gani? Mashamba yenye bankambo waliacha yapumzike, mapori yao ya kuwinda. Na mu miaka ya 1970, Zaïre ikapatia sosiete moja ya Ujerumani, OTRAG, fasi ya karibu kilometa mraba 100,000 hapa Shaba, juu ya kujaribu fuze za kwenda juu. Watu walikuwa wanakaa mule.

Kweli, Mars haina kijiji. Hakuna mama wa kufukuzwa kwa shamba lake, na hiyo ni tofauti kubwa, hatuifiche. Lakini chini ya udongo wake panaweza kuwa vijidudu vyenye uzima, na bado hakuna mtu aliyehakikisha kama vipo ao havipo. Mkataba wa 1967 unakataza nchi yoyote kujipatia nyota, na unaomba zisichafuliwe. Kiisha Marekani mu 2015 na Luxembourg mu 2017 wakatoa sheria zao: sosiete ikichimba kule, kile inatoa ni chake. Udongo si wako, mawe ni yako. Mchimbaji gani hajasikia ule wimbo?

Sisi tunasema waende, watazame, walete mawe ya kupima. Watoto wetu pia wanapenda fuze. Kugeuza hewa ya nyota muzima njo kintu kingine, juu hakirudi nyuma. Ile ingoje mpaka swali la uzima lijibiwe, na jibu lisitoke kwa mwenye kuuza fuze.

Na kama wanajua kweli kutengeneza mayi ya kunywa mu jangwa la baridi, waanzie kwa mto wenye unapita pembeni ya karieri yetu. Mayi yake iligeuka rangi. Kila siku mama wanaamka saa kumi ya usiku kutafuta bidoni moja fasi ingine.