Junia Mwenye Uzoefu wa Miaka 2: Nani Aliua Kazi ya Kwanza ya Developa?

Msee, umemaliza Pwani University pale Kilifi, mathe ameshatangazia mtaa mzima kwamba mtoto wake ni mtu wa kompyuta. Unafungua tangazo la kwanza: anatakikana developa junia, uzoefu miaka 2. Unacheka, unafunga. Kesho linakuja lingine la hivyo hivyo.

Usidhani hao HR wamechizi. Kuna biashara ilikufa hapa katikati.

Andela iliingia Nairobi 2015 na wazo tamu: chukua vijana wakali lakini wabichi, wafunze huku ukiwalipa, halafu uwaazime kwa kampuni za majuu. Doo ikamwagika, hata ya Mark Zuckerberg na mkewe ilikuwemo. Septemba 2019 mambo yakageuka. Kazi za developa wachanga takriban 400 zikaguswa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka walioiva tayari. Kisha Novemba 2022 ChatGPT ikatokea, na zile kazi ndogo ndogo ambazo junia alikuwa anapewa ajifunzie zikaanza kumalizwa kwa dakika.

Kwa hivyo intavyu ya leo haikuulizi utakuja kuwa nani. Inauliza umeshafanya nini, na kama unaweza kukieleza.

Chukua swali moja la kawaida: una orodha ya namba 1,000, tafuta ile inayojirudia. Ukilinganisha kila moja na zote zingine, unaweza kufika karibu mara 500,000. Ukiweka kando kila namba uliyoiona na kuangalia kama imerudi, unapita orodha mara moja tu. Wengi wanalijua jibu. Wanaangukia mahali pengine: wanaandika kimya kama wako kwa KCSE. Yule aliye upande wa pili anataka kusikia kichwa chako kikifanya kazi, kwa nini umechagua njia hii, na inakula memori kiasi gani. Ongea, bana.

Sasa hapo kwa "umefanya nini" ndipo watu wa Malindi na Kilifi wanajinyima. Kila mtu analeta ile programu ya kuorodhesha kazi za siku aliyoitoa YouTube. Na nje hapo Ngomeni samaki wanapimwa na BMU, mvuvi anadai lake, hesabu iko kwa daftari. Tengeneza kitu kinachorekodi mzigo hata mtandao ukipotea, kisha kiunganishe na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom, maana sehemu yake ya majaribio ni ya bure. Mwachie karani akitumie mwezi mzima akulalamikie. Malalamiko yake ndiyo utakayosimulia kwa intavyu, na hakuna msee wa Nairobi atakuwa na stori hiyo.

Chunga pia wanaokupa "jaribio" la wiki 2 bila malipo, na ukiangalia vizuri ni kazi ya mteja wao. Jaribio la haki ni la masaa machache.

Na wakiitisha good conduct na cheti cha HELB kabla ya kuonyesha nia ya kukuajiri, Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: vyeti hivyo vinaitishwa kwa mtu ambaye mwajiri anakusudia kumpa mkataba. Hiyo 1,050 ya good conduct nunulia bando kwanza.