Watazamaji wa Pemba Hawakungoja Kukaribishwa

Kila inapotajwa densi ya kisasa inayobuniwa papo hapo, ile ambayo mtazamaji naye hualikwa uwanjani, husikika maneno yaleyale. Baadhi hutoka kwa wanaoichukia, mengine kwa wanaoipenda kupita kiasi. Nayajibu moja baada ya jingine, na ushahidi wangu mwingi nautoa Pemba.

“Ni jambo jipya, limeletwa kutoka Ulaya na Marekani.”

Wasemao hivi huanzia mwaka 1972, Steve Paxton alipoonyesha *Magnesium* katika Chuo cha Oberlin, Marekani, na kuanzisha mtindo wa wachezaji kuegemeana na kubebana bila hatua zilizopangwa. Utaratibu mmoja wa mtindo huo ni huu: watu hufanya duara, wawili hucheza katikati, akiingia wa tatu mmoja hutoka. Sasa itazame kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo. Watu wamezunguka, ngoma inalia, wanaume wawili wamesimama kati na fimbo zao, huyu anapiga, yule anakinga. Mmoja akitosheka, aliyekuwa akitazama huingia. Sidai kwamba Paxton aliiga kwetu. Nasema tu kwamba mtazamaji wa pwani hii alikuwa akiingia uwanjani zamani, wala hakuna aliyeona ni uvumbuzi.

“Kubuni papo hapo ni vurugu, na umati ukiingia ndiyo basi tena.”

Anayesema hivi aende kwenye mchezo wa ng'ombe, Pujini au Kengeja, msimu wa kiangazi. Fahali hahudhurii mazoezi, wala hana habari na hatua ya pili. Hata hivyo kila mtu ana kazi yake. Wapo washika kamba, yupo anayemchokoza kwa nguo na kuruka pembeni, wapo wapigaji wanaomfuata fahali kwa mdundo, wapo wanawake wanaoimba. Fahali akiwageukia watazamaji, wao hutawanyika, vijana hukwea miti, kisha wote hurudi wakicheka, na kule kukimbia kumekuwa sehemu ya mchezo. Jioni fahali hurudi kwa mwenyewe akiwa hai. Ngoma ya kibati nayo ni hivyo hivyo: majibizano ya haraka hutungwa hapo hapo juu ya mdundo, kisha waimbaji na wachezaji hudakia kiitikio. Mtungaji anathubutu kwenda mbali kwa sababu anajua kiitikio kitamrudisha.

“Mtazamaji akiingia, kiwango kinashuka.”

Hapa pana ukweli kidogo. Katika ngoma ya msewe, wanaume hufunga njuga za msewe miguuni, na kishindo chao lazima kiwe kimoja. Mgeni akijitia katikati, atakivuruga. Lakini wanawake wanaoimba nyuma yao hawarushi mguu hata mmoja, na ukiwaondoa ngoma imekufa nusu. Tulishajaribu njia ya kumweka mtazamaji kando. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilipoundwa huko Bara mwaka 1963, ngoma za vijijini zilifupishwa, wachezaji wakapangwa safu kuelekea jukwaa la wageni. Unadhifu ulipatikana. Kilichopotea ni lile jibu la umati, ambalo ndilo lililokuwa likimwambia mchezaji azidishe au apumzike. Huko kijijini umati ndio uliokuwa mkaguzi wa kiwango.

“Haiwezekani Pemba, watu wana haya.”

Haya huamua nani acheze na nani, wapi, na mbele ya nani. Haijawahi kuamua kwamba watu wasishiriki. Ni kweli kwamba mtindo wa kuegemeana kati ya mwanamume na mwanamke wasiohusiana hautapokelewa Chake Chake, na anayeulazimisha hana adabu. Lakini hiyo ni mbinu moja tu. Kirumbizi ni ya wanaume, shughuli za harusi zina ngoma za wanawake peke yao, na huko ndani anayetazama sasa hivi ndiye atakayecheza baadaye.

“Asiyeinuka kwenye kiti hajashiriki.”

Hili husemwa na wapenzi wa densi hii, na ndilo linaloiharibu zaidi. Ndipo anapotokea mchezaji wa kumvuta mama wa watu mkono, mama anacheka kwa aibu, na onyesho linahesabiwa limefaulu. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunza ni kushiriki. Katika taarabu mtu huinuka kwa hiari yake pale ubeti unapomgusa, hwenda akicheza hadi kwa mwimbaji, akampa pesa, na mara nyingine jicho lake liko kwa hasimu aliyekaa upande wa pili. Mwimbaji hakuyapanga hayo. Jirani wa huyo aliyeinuka, aliyebaki kitini akapiga makofi na kuguna mahali panapostahili naye ameshiriki, na ubeti unaofuata utaimbwa kwa kumsikiliza.

Kwa hiyo anayeleta densi ya kubuni Wete au Mkoani ana mambo ya kutayarisha kabla ya kumwalika yeyote. Atoe kiitikio ambacho umati utakishika mapema. Aache duara wazi, na ijulikane mtu anaingiaje na anatokaje. Akubali kubadilishwa na kicheko, tuzo au ukimya wa waliokaa. Mikono ya watu aiache.