Jamani, Tairi Halipimwi kwa Teke!

Kila Desemba wengi wetu hapa Dar tunafanya kitu kilekile. Gari linaoshwa, linajazwa mafuta, wanapakiwa watoto na kreti za soda, kisha safari ya Moshi inaanza. Ukimuuliza dereva habari za matairi, anashuka, anapiga moja teke na kusema: "Liko fiti." Hicho ndicho kipimo chetu, na mimi nakipinga.

Wadau, teke haliwezi kukuonyesha tofauti ya PSI 33 na PSI 24. Tairi lenye upepo mdogo hupinda ubavu kila linapozunguka. Kupinda huko huzaa joto, na joto likizidi tairi linapasuka. Ongeza mzigo, jua la Korogwe na spidi 100, halafu msibani tuambiane ni mapenzi ya Mungu. Mungu tunamsingizia mengi.

Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japan, na kipimo chake mara nyingi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usitishwe na Kijapani, tafuta namba. Ukikuta 230 kPa, hiyo ni kama PSI 33. Mwambie fundi ajaze hivyo, tena kwa geji, siyo kwa kukisia. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, siyo kipimo cha gari lako. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa la baridi. Likishapata moto upepo hupanda wenyewe, kwa hiyo usiupunguze njiani.

Halafu kuna matairi ya mtumba. Tunaangalia meno tu, tukiona marefu tunalipa. Lakini mpira huzeeka hata kama meno yapo. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu, mara nyingi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ukisoma 1412, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012. Muuzaji akikuambia ni "kama jipya", mwonyeshe hiyo namba.

Najua hela ni ngumu. Lakini kusoma namba ni bure, na ukishindwa kununua matairi manne, bora upande basi au Krismasi hii ule Dar. Nyumbani wanakusubiri wewe, siyo gari lako.